Njuga Ikinyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mbwa aliyekuwa ametoka kula kiti. Si ngozi ya kiti, kiti chenyewe, miguu na egemeo, vipande vimetapakaa kwenye baraza ya Bwana Meneja wa ranchi. Mbwa alikaa katikati ya uharibifu wake akinitazama kwa furaha, kana kwamba mgeni aliyemsubiri tangu alfajiri amefika.

Bwana Meneja alikuwa mtu mrefu, mstaafu wa jeshi, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Bwana Meneja."

"Marahaba. Wewe ndiye Laurian, mtoto wa yule mwindaji wa Chonyonyo?"

"Ndiye mimi."

"Mbwa unawajua?"

"Nimezaliwa nao," nikasema.

Jibu lile la kijana mwenye majivuno ndilo chanzo cha karibu kila kitu nitakachowaeleza hapa. Ningesema "kidogo, nifundishe", pengine leo ningekuwa mzee anayekaa kitini na kunywa chai yake mpaka mwisho. Lakini nilisema nimezaliwa nao. Bwana Meneja akanipa kamba, akanionyesha chumba changu na banda la mbwa, kisha kesho yake asubuhi akaenda likizo ya mwezi mzima. Maneno aliyoniachia yalikuwa machache: "Huyu ni mbwa wa ndege. Mzoeshe pori. Kiangazi kikishika, wageni watakuja kuwinda."

Nawaandikia ninyi vijana mnaonipigia simu kutoka Kayanga, Nyakakika na kwingineko, mlionunua mbwa wa aina hii baada ya kumwona kwenye simu akikimbia vizuri. Mnauliza kwa nini amechimba sebule, kwa nini analia mkimfunga, kwa nini amekula mlango. Nikianza kuwajibu kwa simu salio linakwisha kabla maneno hayajaisha. Basi someni.

Alikuwa pointa wa Kijerumani, wa manyoya mafupi, jike, umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Rangi yake kahawia iliyokolea, kifua kina madoadoa meupe utadhani kamwagiwa unga. Wachungaji wa ranchi walimwita Bihogo, jina ambalo kwa Kinyambo hupewa ng'ombe wa rangi ile. Mkuu wa wachungaji, mzee mmoja mkavu ambaye aliwajua ng'ombe wake wote kwa sura na kwa ukoo, hakupendezwa.

"Bihogo ni ng'ombe," aliniambia. "Mkishampa mbwa jina hilo, kesho mtamwita ng'ombe Simba."

Lakini jina lilishika, na baada ya wiki hata yeye alikuwa akimwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Jambo la kwanza nililojifunza, na hili nililijifunza vizuri, ni kwamba mbwa huyu hawezi kukaa bure. Mbwa wetu wa nyumbani ukimpa kivuli na mfupa amemaliza siku. Pointa ameumbwa akimbie kutwa nzima mbele ya mtu, aende kushoto, arudi kulia, pua juu akitafuta harufu kwenye upepo. Usipompa kazi hiyo ataitafuta mwenyewe, na ataipata kwenye viatu vyako. Kwa hiyo kila alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, nilitoka naye saa mbili nzima, na jioni saa moja nyingine. Siku mvua ilipotuzuia, alizunguka chumba mpaka mimi mwenyewe nikashikwa na kizunguzungu.

Jambo la pili, hapendi upweke. Banda alilojengewa lilikuwa zuri kuliko chumba changu, na kila nilipomwacha humo alilia mpaka wachungaji wakaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikaishia kumlaza mlangoni kwangu juu ya gunia. Baridi ya kwetu mnaijua, na manyoya yake ni mafupi, hana nguo ya ndani kama mbwa wengine. Mkimfunga mnyororo nyuma ya nyumba halafu mkashangaa amekuwa mkorofi, mkorofi si yeye.

Chakula chake kilikuwa uji mzito wa dona wenye dagaa au utumbo, na mboga kidogo. Ndizi alikula, mbwa wa Karagwe asiyekula ndizi atakufa njaa, lakini ndizi peke yake hazimjengi. Na hili mliandike ukutani: asile punde kabla ya kukimbia wala punde baada ya kukimbia. Tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu kama hiki hujaa hewa likajipinda, na likijipinda hakuna dawa ya kienyeji itakayolifungua. Apumzike kwanza, pumzi itulie, ndipo ale.

Ngoja nisimame kidogo.

Nimerudi. Nilizunguka tu migomba. Mke wangu Adventina anasema nimeandika kurasa mbili na nimesimama mara tano. Tuendelee.

Sasa kuhusu njuga. Nyumbani kwetu, baba na ndugu zake walipokwenda kuwinda, kila mbwa alifungwa njuga ya chuma shingoni. Wale mbwa wetu wadogo hawabweki wakiwa kazini, kwa hiyo masikio yenu ndiyo macho yenu. Njuga inalia, mbwa anafuata mnyama, na nyinyi mnafuata njuga. Njuga ikinyamaza kuna balaa: ama kapoteza harufu na kazubaa, ama kanaswa kwenye kitanzi, ama chui kamchukua. Hapo wote mnapiga kelele, mnapiga makofi, mnamwita jina, mnakimbilia kule. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma. Mpaka leo njuga ikinyamaza miguu yangu huondoka kabla sijaamua.

Basi nilichukua njuga ya marehemu baba nikamfunga Bihogo, nisimpoteze kwenye nyasi ndefu. Nikamwachia. Alikimbia kama kafunguliwa jela, njuga ikilia upande huu na upande ule, nami nikatembea nyuma yake nikijiona fundi. Ghafla, kimya.

Nilikimbia. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nikamkuta amesimama katikati ya nyasi, mguu mmoja wa mbele ameuinua, pua imenyooka, mwili mzima mgumu kama kigogo. Hakunitazama. Nikadhani ana degedege. Nikampiga makofi ubavuni, nikamsukuma kwa goti, nikamwambia twende. Kwale wawili wakaruka mbele yetu na Bihogo akanitazama kwa mshangao ambao sikuuelewa.

Ikawa hivyo kila siku. Anasimama, namkimbilia, namsukuma. Pointa ana mwili mgumu na moyo mwepesi. Ukimkaripia mara moja anakumbuka wiki nzima. Mimi nilimkaripia mara nne kwa asubuhi. Wiki ya tatu akaacha kusimama. Alipopata harufu ya ndege alijirusha juu yao akawatawanya, njuga ikilia bila kukoma, nami nikafurahi moyoni.

Bwana Meneja aliporudi nilimpa habari njema huku nimekakamaa kama askari.

"Bwana Meneja, ule ugonjwa umekwisha."

"Ugonjwa gani?"

"Wa kusimama-simama na kuinua mguu. Nimemtoa kabisa. Sasa anakwenda moja kwa moja."

Aliweka kikombe chake chini. Alinitazama, kisha akamtazama mbwa aliyekuwa akitafuna kamba ya kiatu chake.

"Laurian," alisema kwa upole uleule, "kule kusimama ndiyo kazi yake. Ndiyo yote. Anapata ndege, anasimama, anawaonyesha kwa mguu na pua, hawasogei, mpaka mtu afike. Mzazi wake, na mzazi wa mzazi wake, walichaguliwa kwa kusimama huko. Wewe umemtoa kwa siku ishirini."

Niliinama nikamtoa mbwa kwenye kiatu.

"Mzoea punda hapandi farasi," akasema. "Kiangazi kikishika wageni wanafika. Nilikuwa na mwingine kabla ya huyu. Alikuwa mzuri wa sura, ila hakusimama. Yuko nyuma ya ghala."

Nyuma ya ghala kulikuwa na kifusi kidogo ambacho nilikuwa nikikipita kila siku nikidhani ni cha takataka. Mbwa asiyefanya kazi pale hakulishwa, na bunduki ya Bwana Meneja haikuwa ya urembo. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya gunia kando ya Bihogo. Aliweka kidevu chake gotini kwangu, lile goti la kumsukumia. Nililia, sina haya kusema hivyo.

Aliyeniokoa ni Bwana Mifugo, daktari wa ng'ombe wa ranchi, Mhaya mnene mwenye dhihaka nyingi. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka.

"Huyu mbwa hahitaji kufundishwa kusimama," aliniambia. "Kazaliwa nako. Wewe umemfundisha kuogopa. Kwa hiyo wa kufundishwa ni wewe. Unaweza kukaa kimya?"

"Naweza."

"Sijakuona ukikaa tangu uje hapa. Njuga ikinyamaza, wewe utafanya nini?"

"Nitakimbia."

"Basi hapo ndipo shule yako inapoanzia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiwe wewe huo mshindo."

Alinipa bawa la kwale, akalifunga kwa uzi kwenye ncha ya fimbo ndefu. Nililichezesha bawa lile mbele ya Bihogo nyasini. Akilirukia, nalinyanyua lisishikwe. Akichoka kuruka, anasimama kulitazama. Hapo sikutakiwa kusema neno wala kujongea, na akidumu hata kidogo, namsifu kwa sauti ya chini na kumpa kipande cha maini. Wiki mbili nzima tulifanya hilo tu. Mwanzoni akisimama kidogo alinigeukia kwa woga akingoja goti langu, na kila alipogeuka nilijiona mkosaji upya.

Kisha tukatoka porini na kamba ndefu ya hatua thelathini, mwisho wake ukiburuzika chini. Mimi nilikaa juu ya kichuguu, mikono nimeikalia ili isipige makofi yenyewe. Njuga ikilia, sawa. Njuga ikinyamaza, jasho linanitoka, miguu inataka kwenda, nami nahesabu pumzi. Mkuu wa wachungaji alikuwa akipita na ng'ombe wake akisimama kunitazama.

"Mnyambo anafundishwa kukaa," aliwaambia wenzake. "Na mwalimu wake ni mbwa."

Katikati ya mafunzo hayo Bihogo alipata homa. Alikataa chakula, akaanza kupunguka, na asubuhi moja nikaona jicho lake la kushoto limeingia ukungu wa bluu. Bwana Mifugo alilitazama mara moja akasema mbung'o wamemng'ata, ni nagana, ugonjwa uleule wa ng'ombe, na kwa mbwa huua upesi zaidi. Akamchoma sindano. Kwa hiyo ninyi mnaoishi kandokando ya mapori, jicho la mbwa likiingia ukungu msingoje Jumatatu. Kupe nao watoeni kila mnaporudi nyumbani, kagueni ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana masikio yake marefu huokota mbegu za nyasi zikaoza humo. Na chanjo ya kichaa kila mwaka, bila hadithi.

Alipona. Zilibaki siku chache wageni wafike, na nilikuwa sijui kama atasimama.

Asubuhi ile walikuja wageni wawili na Bwana Meneja, bunduki mabegani. Nilimwachia Bihogo upande wa juu wa bonde, upepo ukitujia usoni. Njuga ililia, ikalia, ikapotea nyuma ya vichaka, ikasikika tena. Kisha ikanyamaza. Bwana Meneja alinitazama. Nilitia mikono mifukoni nikashika vitambaa vya ndani kwa nguvu mpaka vikachanika. Nikasema taratibu, "Tusogee." Tulimkuta mguu juu, pua imenyooka, ukungu bado kidogo kwenye jicho, na hakunigeukia. Hata alipotusikia nyuma yake hakunigeukia. Kanga wakaruka, bunduki zikalia, na mimi nikakaa chini nyasini.

Bwana Meneja hakunisifu. Jioni alisema tu, "Kesho mpe nyama ya shingo." Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na naogopa kuisimulia kwa sababu ya uzuri wake. Bihogo alizaa mara mbili. Watoto wake niliwafundisha mimi, na wafugaji wa mbali walikuja kutazama mbwa anayesimama. Msimu wa senene alisimama mbele ya senene mmoja kwenye ukuta wa ghala, mguu juu, kwa heshima zote, na wachungaji walicheka siku mbili. Mimi nikawa mwalimu wa ukimya. Kila mgeni aliyekuja nilimhubiria: njuga ikinyamaza usikimbie, usipige kelele, mbwa yuko kazini, mwache. Nilihubiri mpaka nikasahau kwamba niliwahi kujua kitu kingine.

Siku moja, miaka kadhaa baadaye, tulikuwa upande wa Nyakatuntu, mahali ranchi inapokaribia mashamba ya watu. Nilikuwa na mgeni mmoja, mtu mpole, mwalimu mstaafu. Njuga ya Bihogo ilinyamaza nyuma ya kilima kidogo. Nilitabasamu.

"Amepata," nikasema. "Tusiharakishe."

Tulikaa juu ya jiwe. Nilitoa ndizi za kuchoma kwenye mfuko, nikamgawia. Tulikula. Nilimsimulia habari za bawa na fimbo, na jinsi nilivyomponya mbwa ugonjwa usiokuwepo, akacheka sana. Kisha akasikiliza.

"Bwana Laurian, huu si muda mrefu?"

"Bwana mwalimu," nikamwambia, "kimya hiki nimekisomea."

Tulimaliza ndizi. Nilijipangusa mikono. Tukapanda kilima taratibu, kama nilivyofundishwa.

Alikuwa kwenye waya. Waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye shina la mti mdogo kwa ajili ya nguruwe pori wanaoharibu mihogo, umemkaza shingoni pale pale juu ya njuga. Nyasi zilikuwa zimelala mduara mzima kumzunguka. Pointa akiwa kazini habweki, na hata angetaka, waya haukumwachia sauti. Mwili ulikuwa na joto bado. Fundo la ule waya nililitambua, ndilo fundo la kwetu, baba alinifundisha kulifunga na nimelifunga mara nyingi ujanani.

Nilijua maana ya kimya kile tangu utoto. Mbwa kanaswa: ndilo jambo la pili baba alilonitajia. Nililiweka kando kwa kuwa nilikuwa nimekuwa msomi. Ningekimbia kama yule kijana mjinga wa siku ya kwanza, angekuwa hai. Majuto ni mjukuu, husemwa huja mwisho, na huyu mjukuu wangu amekuja na hajaondoka.

Bwana Meneja alikuja mwenyewe kumzika. Hakumpeleka nyuma ya ghala. Alichimba karibu na baraza yake, pale alipokula kiti.

"Ni waya, Laurian," alisema. "Si wewe."

"Ni sisi wote wawili," nikasema.

Mwezi uliofuata niliomba kuondoka. Nilimchukua binti mmoja wa Bihogo, nikaenda kuajiriwa kwenye kituo cha askari wa wanyamapori, kwenye pori la akiba huko Kyerwa. Mkuu wa Kituo alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye haraka, aliyezoea mbwa wa polisi.

"Sisi hatuwindi ndege hapa," aliniambia. "Mbwa wa kwale nimfanyie nini?"

"Huyu hatasimama kwa kwale. Atasimama kwa waya."

Alidhani natania. Lakini pua ni pua. Mtego una harufu ya mkono wa mtu, ya jasho, ya chuma, na pointa anayefundishwa kupenda harufu hiyo atakutafutia waya kwa bidii ileile ya kutafuta kanga. Nilitumia fimbo ileile na njia ileile, ila badala ya bawa nilifunga kipande cha waya wa breki. Baada ya masika mawili tulikuwa tukirudi kituoni na mizigo ya nyaya. Mkuu wa Kituo akaacha kuuliza. Yule binti naye nilimwita Bihogo, na aliyemfuata, na aliyemfuata.

Hapo kituoni ndipo nilipofikia sheria yangu, ambayo kila askari aliyepita mikononi mwangu aliikariri. Njuga ikinyamaza: usikimbie, usikae. Tembea. Hatua fupi, upepo usoni, macho mbele, mpaka umwone kwa macho yako. Ukikimbia utaharibu kazi ya mbwa. Ukikaa, unaweza kumharibu mbwa. Mkuu wa Kituo alisema ni sheria rahisi mno kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi hivyo. Nikamwambia ilinigharimu.

Barua ya kustaafu ilinikuta nikitoa mbegu ya nyasi sikioni mwa Bihogo wa nne. Walinipa sanduku la bati na hotuba fupi, na wakaniruhusu kuondoka na binti yake, wa tano, ambaye ndiye ninaye sasa. Nikarudi Chonyonyo kwenye kibanja changu cha migomba na kahawa. Watu walidhani nitapumzika.

Nimejaribu. Nakaa, nasimama. Naanza kupalilia kahawa, naacha katikati, nakwenda mpaka barabarani bila sababu, narudi. Kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Adventina amenivumilia, ila ananitania kwamba aliolewa na mtu, akarudishiwa pointa. Mwaka jana alinishauri nimvue mbwa njuga, kwa nini avae njuga kwenye kibanja chenye uzio. "Utapata amani," alisema. Nilimvua siku moja. Ikawa kimya kutwa nzima, nami sikula.

Kwa hiyo ninyi mnaouliza kama mbwa huyu anafaa kwa mtu mwenye nyumba na kazi ya mjini, nawajibu hivi. Ana akili, ana upendo, na watoto wenu atawapenda. Lakini anahitaji mtu wa kwenda naye, kila siku, mvua na jua, na mtu wa kumtazama. Kutazama ndiko nilikoshindwa, si kukimbia wala kufundisha. Kama hamna mtu huyo nyumbani, mwacheni kwa wenye pori.

Tangu niliporudi hapa, njuga ya Bihogo wa tano imenyamaza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mara zote nimekwenda. Nimekuta tombo. Nimekuta kuku wa jirani anayeatamia chini ya mgomba, mbwa amemsimamia na kuku amenuna. Mara moja nilikuta soksi yangu. Sijakuta waya hata siku moja, na Adventina hunikumbusha hivyo kwa upole, maana anaona magoti yangu.

Sasa hivi naandika barazani, na yeye yuko ndani anamenya ndizi. Njuga ilikuwa ikilia huko chini kwenye mibuni. Imenyamaza.

"Waitu, Laurian, maliza kwanza barua yako," anasema kutoka jikoni bila hata kunitazama. "Itakuwa tombo tu."

Itakuwa tombo. Naweka kalamu hapa, nakwenda kutazama.